Kamati Yangu ya Wazee Waliotapeliwa

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimeunda Kamati ya Kuwanusuru Wazee Waliotapeliwa kwa Simu. Mwenyekiti: mimi, Mudrik. Katibu: mimi, kwa muda. Uchaguzi ujao nagombea uongozi wa kitongoji, na wazee ndio wapiga kura! Muhuri nimeshachongesha. Nimemwonyesha Mama. Akausogeza karibu, akausogeza mbali, akasema haoni kitu. Kumbe safari ya Dar kutibiwa macho ameiahirisha tena. Na pesa za kuuza mikeka anazo tangu Idi! Uoga tu.

Jumatano, 16 Julai
Nimezunguka Kilindoni nzima na kipaza sauti. Mzee yeyote aliyetapeliwa ajitokeze sokoni saa nne, asimulie mbele ya watu, apigwe picha. Hakuja hata mmoja! Mzee Haruni, aliyetuma pesa za mashine ya boti kwa tapeli, alinipita mbio akidai anawahi harusi. Jumatano asubuhi!

Ijumaa, 18 Julai
Nimegundua wanakokwenda. Kwa Masooma mwenye duka! Ametandika mkeka uani. Akina mama wanachambua mchele, wanaume wanafua nazi, na huku kazi ikiendelea wanasimuliana, hakuna anayemkodolea mwenzake macho. Kisha Masooma anampeleka mmojammoja polisi na kwa watu wa simu, kimyakimya. Bila muhuri! Nikaingia kumshutumu kwa kuniibia wazee. Nani yuko na ungo, anachambua kwa kupapasa? Mama.

Jumamosi, 19 Julai
Mama amenieleza yote. Tapeli alimpigia akilia, akajifanya mimi: nimekamatwa, atume pesa upesi. Akatuma zote za macho. Nikamuuliza ilikuwaje asijue si sauti yangu. Akasema sauti haikufanana nami, ila jambo lenyewe lilifanana. Kwa nini hakuniambia? Alikiogopa kipaza sauti. Nimelia, sioni haya kuandika. Masooma kahangaika mpaka laini ya tapeli ikafungwa, na zilizokutwa humo zimerudi. Zinatosha nauli na jicho moja. Mama kaniapisha nisimwambie mtu. Nimeapa.

Jumapili, 20 Julai
Nimeagiza bango. Mita tatu! Picha ya Mama, na maneno: HUYU TUMEMNUSURU. Siri yake nimeitunza. Macho nimemziba kwa mstari mweusi, hakuna atakayemtambua. Jina tu nimeliacha, tena kwa herufi kubwa kabisa, ili akirudi kutoka Dar aweze kulisoma kwa lile jicho lililopona.