Hotuba ya Baba Mkubwa Siku ya Kuzindua Kompyuta ya Ukoo

Mheshimiwa bibi yetu, mlezi mkuu wa ukoo na mkaaji wa kudumu wa kiti chenye mto; waheshimiwa shangazi wote wawili, kwa mpangilio wa kuzaliwa na si wa sauti; mheshimiwa mjomba wake binti yetu, uliyewahi kufika kuliko chakula; mheshimiwa jirani, uliyekuja kurudisha ngazi ukaombwa ubaki; wakwe, mashemeji, mawifi, na ninyi mlioko jikoni mnaonisikia kupitia dirishani: itifaki imezingatiwa, na niliyemruka anisamehe, maana ukoo ni mpana na sebule ni hii hii.

(Makofi. Kikombe kinaanguka.)

Mimi baba yenu mkubwa, mkuu wa ghala mstaafu, na Mwenyekiti wa Kamati ya Kuunda Kompyuta ya Mezani ya Bei Nafuu, nasimama mbele ya meza hii iliyofunikwa kitambaa nikiwa na furaha isiyo na kifani. Mtakumbuka kwamba binti wa mdogo wangu, huyu aliyekaa karibu na mlango, amepata nafasi ya kusomea uhasibu akiwa nyumbani, na chuo kimemwandikia kwamba masomo yanaanza Jumatatu, na asiye na kompyuta nafasi yake atapewa mwingine.

(Shangazi mdogo: "Jumatatu hii hii?")

Hii hii, dada. Ndiyo maana tangu mwaka jana sikukurupuka. Binti mwenyewe ndiye aliyetueleza kwamba vipande vikinunuliwa kimoja kimoja na kuunganishwa nyumbani kwa bisibisi, gharama inashuka sana, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuunda kompyuta, niliona ni hatari kuanza na kompyuta. Tulianza na kamati. Kamati ikazaa kamati ndogo ya vipande, nayo ikafanya fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, ikaandaa rodimapu ya hatua zote, ikakutana na mastekiholda, yaani wadau, ikaenda ziara ya mafunzo katika duka la simu, ambako wajumbe walikaribishwa vizuri wakakaa chini ya feni mpaka duka lilipofungwa.

(Mjomba: "Mlijifunza nini?" Jirani: "Feni.")

Naomba utulivu. Katika kikao cha tarehe nane mwezi wa tatu, kwa kuzingatia misingi ya utawala bora, niliamua kila nyumba ichague yenyewe kipande itakachochangia, na kipande hicho kibandikwe jina la nyumba hiyo. Mwitikio ulikuwa wa kihistoria. Leo ukoo huu unamiliki skrini nne, kibodi tatu, vipanya vya kutosha kila mjumbe na wageni wake, spika za kutikisa madirisha, na kasha lenye taa za rangi ambalo hata mtaa wa pili hawana.

(Vigelegele kutoka jikoni. Binti ananyoosha mkono: "Baba mkubwa, na mazabodi? Na prosesa?")

Swali zuri, mwanangu, na serikali ya ukoo inalichukua. Kwa faida ya wasioelewa, mazabodi ni ule ubao mkuu unaolala ndani ya kasha, vipande vyote huchomekwa hapo, na prosesa ndiyo akili yenyewe. Vipande hivi vilikosa mfadhili kutokana na changamoto ya kimuundo: kasha likishafungwa, havionekani. Shangazi mkubwa aliuliza kikaoni, kwa haki kabisa, kwa nini anunue kitu ambacho mgeni akiingia hatakiona.

(Shangazi mkubwa: "Na bado nauliza." Makofi ya upande mmoja wa sebule.)

Hata hivyo, takwimu hazidanganyi. Tukipima kwa uzito, kompyuta yetu imekamilika kwa asilimia tisini na nne.

(Mjomba anainua kitambaa, analitikisa kasha: "Shemeji, humu ndani mna tofali.")

Tofali la muda, shemeji. Ni la uwezeshaji. Kasha tupu lilikuwa linasukumwa na upepo, na kamati haikutaka heshima ya ukoo ipeperuke.

(Kicheko kirefu. Binti hacheki. Anainama kwa bibi, anamnong'oneza. Bibi, kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Na ya kwangu chukua. Mimi nilitaka redio, wakaniambia skrini." Binti na mjomba wanabeba skrini mbili.)

Naona skrini zinatolewa nje kwa ajili ya picha, na napongeza ubunifu huo, kwa kuwa mwanga wa nje ni bora zaidi. Nikirejea kwenye implementesheni, yaani utekelezaji, awamu ijayo itajikita katika kumtafuta mtu wa kutuonyesha bisibisi inashikwaje,

(Skrini ya tatu inapita mlangoni. Shangazi mkubwa: "Wewe, hiyo ni yangu." Bibi: "Kaa chini." Shangazi anakaa.)

na awamu inayofuata itaangalia uwezekano wa umeme.

(Jirani anachungulia dirishani, anarudi: "Mwenyekiti, wameita mkokoteni.")

Usafiri ni sehemu ya mpango. Kabla sijakata utepe, tuhitimishe kwa kaulimbiu yetu. Nikisema kompyuta ya ukoo, mnasema fahari yetu. Kompyuta ya ukoo.

(Sauti za jikoni: "Iko wapi?")

Vipande vyetu, akili zetu.

("Haijanunuliwa." Baada ya chai ndefu, jirani anapokea simu na kumnong'oneza mwenyekiti.)

Ahsanteni kwa mshikamano. Nawashukuru wajumbe wa kamati, waliohudhuria vikao vyote kwa muda wa chai. Namshukuru bibi, kwa maelekezo ambayo sikuyaelewa kwa wakati. Na kwa namna ya pekee namshukuru binti yetu, ambaye nimearifiwa hivi punde kwamba yuko kwa fundi wa kompyuta, skrini zetu tatu zimeshapokelewa, amepewa badala yake kompyuta iliyokwishatumika na inawaka, Jumatatu atasoma. Kamati inapokea taarifa hii kwa kishindo, inajipongeza, na inamshukuru kwa kutukamilishia kabla ya wakati mradi ambao sisi wenyewe, na hili naomba katibu asiliandike, tulikuwa hatujauanza.