Puli Ndani ya Sombe ya Citoyen Ingénieur

Leo nimepata haya ya kunitosha mpaka nimalize shule. Haya ya juu ya maji, pasipo hata muti wa kujificha nyuma yake. Ngalula na Kabedi, ninyi munaosoma cahier hili, daftari langu la siri, kila lundi darasani chini ya benchi, someni pole pole. Nitasema yote.

Munajua ile karatasi yangu ya kuchagua masomo, mimi nimeomba section électricité. Inarudishwa kesho, na signature ya muzazi. Mama anataka coupe-couture, nijifunze kushona nguo. Papa, ambaye ni fundi wa umeme, alisema hivi: "Tufunge kwanza alternateur ya citoyen Ingénieur. Ikitumika muzuri dimanche, natia signature."

Citoyen Ingénieur ni mukubwa wa Papa kwa kazi. Ana mashua ya tanga kule kwenye ziwa Tshangalele, na ndani yake moteur ndogo ya kusaidia upepo ukikataa. Alternateur ndiyo mashine inayozungushwa na moteur hiyo kwa mukanda ili kujaza batri. Ya zamani iliungua. Mupya utaipata wapi siku hizi? Papa akatoa moja kwenye lori lililokufa.

Jana, kisha salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, tukaenda kuifunga. Ilikuwa kubwa mno! Kando ya moteur haikuingia, ubao wa mashua unaizuia. Papa alijaribu mpaka akaanza kutukana kwa Tshiluba. Basi mimi, mutoto ambaye darasani siinui mukono hata nikijua jibu, nikasema:

"Papa, tuigeuze. Mugongo ukuye huku kwetu, puli iangalie moteur."

Ikaingia! Mukanda ukakaa sawa juu ya puli, lile gurudumu dogo la mbele. Tukawasha, na taa nyekundu ikazima: umeme unatoka. Papa akanipiga begani.

"Uliangalia inazunguka upande gani?"

"Ndiyo, Papa."

(Uongo. Niliangalia taa. Ilizima vizuri sana ile taa.)

Leo dimanche, baada ya misa, tukarudi ziwani. Citoyen Ingénieur alifika na abacost, ile suti ya wakubwa, iliyopigwa pasi mpaka inakata, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, aliyopikiwa na bibi yake. Akaiweka chini ndani ya mashua, mbele ya moteur kabisa. Kifuniko cha moteur hakikufungika tena, juu alternateur yetu ilikuwa imetokeza nje kama tumbo la chef. Papa alitaka kuifunika na kitambaa. Mimi nikasema tuache wazi, watu waone kazi. (Majivuno. Mungu alikuwa anasikiliza.)

"Ni weye njo ulipata hii idée?" Ingénieur akaniuliza.

"Ndiyo, citoyen Ingénieur."

"Na kuigeuza hivi haina mambo?"

Hapo ningesema sijui. Sijui ni neno dogo, linasemeka. Lakini nikajibu kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Haina mambo. Hata izunguke upande gani, umeme unatoka."

(Na hiyo ni kweli! Umeme haukunifanyia kitu. Umeme hauna kosa.)

Katikati ya ziwa upepo ukafa. Tanga likalegea kama kikwembe kwenye kamba. Papa akawasha moteur, tukaenda vizuri, batri inajaa, Ingénieur anatabasamu. Akafunua sufuria, akainama kunusa.

Tik. Tik. Tik.

"Ni nini inalia?" akauliza.

"Ni kawaida," nikasema. (Kawaida! Nani alinituma?)

Kraaa! Ekru, kile kichuma cha mbele kinachoshika puli, kikaanguka. Puli ikachomoka, ikagonga moteur, ikaruka kama mupira, na plufu! Ndani ya sombe. Sombe nayo ikatoka kumupisha mugeni. Ikaenda kwenye abacost, kwenye miwani, kwenye ndevu. Papa akazima moteur haraka, juu mukanda uleule ndio unaozungusha pompi ya maji ya kuipoza.

Citoyen Ingénieur alikuwa na jani juu ya jicho.

"Ni nani alifunga hii kintu?"

"Ni minye, citoyen Ingénieur," Papa akasema.

"Fundi muzima kama weye!"

Papa akainamisha kichwa. Niliona shingo yake tu, na kola ya shati lake la misa. Ndugu zangu, nilitaka ziwa linimeze. Halikunimeza. Basi nikafungua kinywa.

"Hapana. Ni minye niliigeuza. Papa aliniuliza kama niliangalia upande, nikamudanganya."

Kisha nikalia. Si machozi ya bibi harusi, ni kulia kwa kamasi. Na wakati uleule pirogue moja, mutumbwi wa muvuvi, ikatufikia, na mwenyewe akasikia yote.

"Ba papa," muvuvi akasema, "muko na tanga, muko na moteur, na munashindwa kwenda? Minye niko na kafi moja tu."

"Utuvute," Ingénieur akamwambia. "Tutakupatia sombe."

"Iko na nyama?"

Ingénieur akatazama sufuria. "Iko na chuma."

Na akacheka! Yeye wa kwanza, kisha muvuvi, kisha Papa. Mimi bado nilikuwa kwenye kamasi.

Tulivutwa mpaka ukingoni. Wote waliokuja kutembea dimanche walikuwa pale, na watoto wakakimbia pembeni ya maji: "Bwato ya moteur inavutwa na kafi! Na kafi!"

Tulipofika nyumbani Papa akapindua baiskeli yake, matairi juu, akazungusha gurudumu.

"Inazunguka upande gani?"

"Kulia."

"Kuya huku upande ya minye."

Nikazunguka, nikatazama. Kushoto! Gurudumu lilelile.

"Na pedali ya kushoto, juu ya nini inafungwa kinyume?"

"Juu isijifungue yenyewe."

"Unajua!"

Ninajua. Ni mimi ninayeipaka mafuta kila juma. Ekru ya alternateur inajikaza puli ikizunguka kulia. Nilipogeuza alternateur, puli ikawa inazunguka kushoto, na kila muzunguko ukawa unaifungua kidogo, kidogo.

Mama akatoka jikoni. "Lete ile karatasi, tuandike coupe-couture. Sindano hairuki ndani ya sufuria."

"Hapana," Papa akasema. "Aende électricité, bakamufundishe. Akibakia hapa na hii akili nusu, ni minye njo nitakula puli."

Akatia signature juu ya kiti cha baiskeli. Pembeni karatasi iko na alama ya kidole chake chenye mawese ya sombe. Nitaipeleka hivyo hivyo.

Nimeosha puli mara tatu, bado inanuka sombe. Basi kesho musicheke. Na anayetaka kucheka aniambie kwanza, bila kutazama baiskeli: pedali ya kushoto inafungwa upande gani?