Pole ya Kupeleka Trinidad

Jumamosi, 5 Februari 1977

Daftari jipya! Kanipa Theresia, binti yangu. Ni muuguzi, na wauguzi wa Stockholm hugawiwa madaftari kila mwaka mpya, hata wale wasioandika kitu. Mimi shule sikuikanyaga. Herufi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima kule Mwanza, nikiwa tayari na wajukuu wanne. Nilizipata kwa jasho, na nitazitumia nitakavyo. Asiyependa asisome.

Habari kubwa. Chama chetu cha Waafrika Mashariki kinasafiri Pasaka. Kinakwenda visiwa vya Karibi, Trinidad na Barbados, kuwaona watoto wa Afrika waliopelekwa kule utumwani. Kuona ngoma zao, vyakula vyao, makaburi yao. Watu kumi na watano. Nafasi kumi na nne zimekwisha. Ya mwisho wametenga kwa bibi mmoja, awakilishe wazee, na kura itapigwa Jumamosi ijayo.

Nafasi hiyo ni yangu. Nimeshaamua.

Leo mkutanoni nimeuliza swali moja tu. Watu wale walipochukuliwa, nani alikwenda kuwapa pole? Kimya. Nikauliza tena, labda hawakusikia. Walisikia. Kila mmoja akatazama viatu vyake. Mmoja anakwenda kupiga picha, mwingine anakwenda kuota jua. Wa kutoa pole hayupo! Watu wamepatwa na msiba mzito vile, miaka yote hiyo, na hakuna mtu wa nyumbani aliyekwenda kuketi nao mkekani. Aibu gani hii?

Basi nitakwenda mimi. Kanga nimeshaziweka kando, doti mbili.

Tatizo ni moja. Mwalimu Jerioth naye anaitaka nafasi hiyohiyo.


Jumapili, 6 Februari

Nimweleze huyu Jerioth. Mkikuyu wa Nyeri. Mwalimu mstaafu wa jiografia. Anaishi kwa binti yake Muthoni, ghorofa ya juu yetu hapa Hallunda. Uswidi nzima watu wanavua viatu mlangoni. Yeye anatembea na viatu juu ya kichwa changu kama mkaguzi wa shule.

Redio imesema serikali yetu imefunga mpaka na Kenya. Vizuri. Nami nimefunga wangu. Saa nne asubuhi Jerioth kagonga, anaomba chumvi. Nikamwambia mpaka umefungwa, hana redio? Akacheka. Akasema sawa, Mama Theresia, shika ardhi yako, lakini anga yote ni ya Kenya, usije ukashangaa.

Mchana akaanza kutwanga. Sijui alitwanga nini. Nadhani alitwanga sakafu.


Jumatatu, 7 Februari

Mpango wa kwanza: mwenyekiti. Bwana Severin Mashauri, fundi wa simu, anakaa Sundbyberg. Ni mtu wa ziwani kama mimi, na mtu wa ziwani hawezi kukataa dagaa wa Mwanza. Nikawapika kwa karanga. Nikapanda treni, sufuria mapajani. Behewa zima likahamia upande wa pili. Nimesafiri kwa nafasi kama waziri.

Severin kala sahani mbili. Kalamba vidole. Kisha, mchuzi ungali kidevuni, akaniambia kwamba mwenyekiti hapigi kura. Angenieleza kabla ya sahani ya kwanza!

Akaongeza kwamba Jumatano saa kumi na mbili jioni kuna kikundi cha masomo ya safari, pale ukumbini, na asiyetia sahihi kwenye orodha ya waliohudhuria hapigiwi kura. Ni sheria ya Waswidi wanaotusaidia safari.

Halafu akanikaribisha chapati. Nikauliza zimetoka wapi. Kaletewa jana na Mwalimu Jerioth.

Mpaka umefungwa, chapati zimepitaje?


Jumanne, 8 Februari

Mpango wa pili. Huu ni wa akili.

Jengo letu lina chumba kimoja cha kufulia, kule chini. Ukutani pana karatasi. Kila nyumba inaandika jina lake na saa yake, kwa penseli. Mswidi unaweza kumkanyaga mguu akakuomba radhi yeye. Lakini saa yake ya kufua usiiguse. Ukiikosa yako, unangoja wiki mbili na mashuka yako machafu.

Jerioth alijiandikia Alhamisi asubuhi. Jumatano jioni ilikuwa ya Akeyo, yule binti wa Kijaluo wa chini mwenye mapacha. Nikatoa kifutio. Nikawabadilisha. Akeyo Alhamisi asubuhi, Jerioth Jumatano saa kumi na mbili jioni, saa ileile ya kikundi! Achague: nguo au Trinidad. Namjua Muthoni, ana mashuka ya wiki mbili na hasira ya wiki tatu. Mama mtu atafua.

Akeyo hakupoteza kitu. Asubuhi ni bora kwa nepi. Angejua angenishukuru.

Herufi zangu zimetoka nzuri. Mwalimu wangu wa kisomo angejivunia.


Jumatano, 9 Februari

Sijui nianzie wapi.

Nilifika ukumbini kabla ya wote. Kanga imenyooka, kahawa kwenye chupa, maandazi ya mdalasini kumi na mawili. Saa kumi na mbili, hakuna mtu. Na nusu, hakuna mtu. Nikala maandazi sita kwa wasiwasi. Nikarudi nyumbani kwenye theluji, nikasikia vicheko vinatoka chini ya jengo.

Walikuwa chumba cha kufulia. Wote! Jerioth alipoona saa yake imehama hakugombana na mtu. Kampigia Severin simu, kasema kikundi kije kwake, nguo zifuliwe na masomo yaendelee. Watu wameketi juu ya vikapu vilivyogeuzwa. Severin kavua soksi, anapasha miguu kwenye bomba la maji moto. Ramani ya dunia imetundikwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, katikati ya mashuka. Wakasema hawajapata kikundi kizuri kama hiki, ukumbini kuna baridi, wawe wanakutana hapa siku zote.

Jerioth akanikaribisha kwa sauti ya darasani. Mama Theresia, tumekutafuta! Kaa hapo, juu ya suruali za Muthoni.

Nikakaa. Severin akanipa orodha nitie sahihi, kwa sababu ya maandazi sita yaliyobaki.

Kisha Jerioth akachukua kiango cha nguo, akaonyesha ramani. Akasema wazee wa watu wa Karibi walitoka upande wa magharibi, huku. Watu wa ziwani kwetu walipochukuliwa walipelekwa mashariki, pwani, kisha ng'ambo ya bahari, kule. Akasema kwa upole kabisa kwamba Mama Theresia anataka kwenda kutoa pole kwenye nyumba siyo.

Watu wote wakanitazama. Sikuwa nimeyajua hayo. Nasema kweli, sikuwa nimeyajua.

Nikawaambia habari za Nyamizi, ambazo sijawahi kuwaambia watu wa huku. Bibi mzaa mama yangu alikuwa na mdogo wake, Nyamizi. Alikwenda kuteka maji, msafara ukapita, hakurudi. Kigoda chake bibi alikiweka ukutani mpaka anakufa. Hakikukaliwa na mtu. Na kwa sababu hapakuwa na maiti, hakuna jirani aliyekuja kukaa na bibi. Wangesema nini? Alikaa peke yake na kigoda. Basi kama Nyamizi alikwenda mashariki, mashariki sina njia. Njia niliyopewa ni ya Trinidad. Na jirani wa ng'ambo ya mto akifiwa huulizi jeneza lilipita barabara ipi. Unajifunga kanga, unakwenda.

Ikabaki mashine tu inazunguka. Jerioth aligeuka akakunja shati moja. Alilikunja muda mrefu sana.


Alhamisi, 10 Februari

Balaa.

Msimamizi wa jengo kabandika tangazo. Mjukuu wangu Winifrida kalisoma. Nilimuuliza kwa Kiswahili linasemaje, akanijibu kwa Kiswidi, ikabidi nimngoje mama yake atoke kazini. Linasema kuna mtu kafuta majina kwenye karatasi ya kufulia. Na kwa kuwa aliyepata Alhamisi asubuhi ni Akeyo, na kila mtu anajua Akeyo huomba asubuhi kwa ajili ya mapacha, basi ni Akeyo. Amefungiwa chumba cha kufulia mwezi mzima!

Nikashuka. Nepi zimejaa bafu. Akeyo analia, mapacha wanalia. Anaapa hajagusa karatasi, na Kiswidi chake hakitoshi kujitetea.

Nikakunja mikono ya gauni. Nimefua nepi arobaini kwa mkono, na nyingine nilizifua mara mbili.

Nitasema ukweli. Lakini baada ya kura. Nikisema leo, Trinidad imekwisha. Ni siku mbili tu. Hakuna mtoto aliyedhurika kwa siku mbili huku nepi zake anafuliwa na bibi mzima.


Ijumaa, 11 Februari

Nepi thelathini na mbili. Pacha mmoja kanikojolea, mwingine akaona vizuri naye akafuata.

Akeyo kanishika mikono. Kasema, Mama, jengo zima hili mwenye moyo ni wewe peke yako.

Chakula cha jioni hakikupita.


Jumamosi, 12 Februari

Kura.

Jerioth kazungumza kwa lugha tatu, na zote alizinyoosha. Wakapiga makofi. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri: nianze na mkeka, nimalizie na Nyamizi, watu walie. Nikasimama. Mbele kabisa amekaa Akeyo, pacha kila paja. Kabla sijafungua kinywa, yeye ameshaanza kunipigia makofi.

Mdomo wangu ukanisaliti. Ukasema: aliyefuta karatasi ni mimi.

Ukumbi ukavurugika. Nikaendelea, maana nilishaanza. Nikasema Akeyo hana kosa, karatasi nilifuta mimi Paskalia, kwa kifutio changu, ili Mwalimu Jerioth akose kikundi, na Jumatatu nitamwambia msimamizi hivyohivyo, Theresia atafsiri. Theresia alikuwa amejifunika uso kwa mkoba. Mtu wa nyuma akauliza kwa sauti kama huyo ndiye mwakilishi wa wazee, na vijana watafanya nini? Nikamwambia afunge mdomo, nepi zake nazo zilifuliwa na mtu.

Kumi na tisa kwa Jerioth. Wanne kwangu. Mmoja wa wanne ni mimi. Mwingine ni Akeyo. Kwanza alinitukana kwa Kijaluo, kirefu, mbele ya watu wote. Kisha akanyoosha mkono.


Jumapili, 13 Februari

Baada ya misa nikazichukua zile kanga, nikapanda ngazi mpaka kwa Jerioth. Nikavua viatu mlangoni, ili aone inavyofanywa.

Nikamwambia umeshinda, Mwalimu, sina neno. Ila nichukulie hizi. Ukifika usianze na hotuba, nakujua. Tafuta bibi wa umri wetu. Kaa chini. Kaa kimya kwanza. Yeye akishakuzoea, mpe kanga, umwambie sisi wa nyumbani tumechelewa sana. Basi. Usimwonyeshe ramani.

Akakataa! Akanirudishia kanga mkononi. Akasema hata Nyeri pole haitumwi kama kifurushi, mwenye pole yake anakwenda na miguu yake. Nikaona amekuja kunidhihaki hata baada ya kushinda. Nikageuka niondoke.

Akanishika kanga kwa nyuma. Akasema goti lake ni bovu, limeharibikia ubaoni miaka thelathini, daktari ameandika. Na sheria ya safari inasema mzee mwenye mguu mbovu anaruhusiwa msaidizi, juu ya wale kumi na watano. Ameshampigia Severin. Jina la msaidizi ameshalitaja.

Msaidizi! Mimi, nimbebee Mkikuyu mkoba mpaka Trinidad! Nikamuuliza goti gani hilo bovu linalotembea kichwani mwangu tangu alfajiri?

Akasema, wewe Paskalia, unataka kwenda au hutaki?

Nikasema nataka.

Akanikumbatia, au mimi nilimkumbatia, haikueleweka. Kisha akaomba chumvi. Nimempa pakiti nzima. Serikali zifunge mipaka zitakavyo.


Alhamisi, 31 Machi

Kesho kutwa tunaondoka! Akeyo alisharudishiwa chumba cha kufulia, pamoja na asubuhi mbili za ziada ambazo ni zangu. Nimempa. Mbele ya msimamizi wa jengo niliinua mkono nikaapa: karatasi ya watu siigusi tena maisha yangu. Nimemwambia na padri. Mimi ni mtu mpya, kila mtu anasema.

Jerioth na mimi tumefanya mazoezi. Sasa anaweza kukaa chini kimya kwa dakika nne bila kufundisha. Kanga ziko juu kabisa ya sanduku langu.

Leo Severin kabandika ukumbini orodha ya safari. Nimeisoma mwenyewe, herufi kwa herufi. *Jerioth, mwakilishi wa wazee, kiti cha dirishani. Paskalia, msaidizi, kiti cha katikati.*

Nimesogea karibu. Nimevaa miwani. Nimesoma tena.

Imeandikwa kwa penseli.

Theresia anauliza natafuta nini kwenye droo. Nimemwambia rozari.