Jiwe la Bwana Mawe na Ulimi wa Mheshimiwa

Jumanne, 4 Februari 2025

Mwaka na nusu tangu nitoke kwetu Ishiara. Mgongo unadai ni miaka kumi. Leo nimekata majani ya ng'ombe tangu alfajiri, nikabeba maziwa mpaka barabarani, nikarudi kuzoa mavi. Mzee Muthamia, mwajiri wangu, akapita akasema zizi linanuka. Nikamwambia ni zizi.

Lakini sina neno naye. Tulipatana kwamba malipo yangu ni mtamba mmoja, na mtamba ndiye Mheshimiwa. Jina nilimpa mwenyewe, kwa sababu anakula sehemu yake kisha anakula ya majirani. Mwezi huu naweza kumchukua siku yoyote. Shida ni njia. Ng'ombe hapandi matatu, na kumtembeza kwa miguu kutoka huku mlimani Meru mpaka kwetu, kwenye jua lile, ni kufika na ngozi na kamba. Rwamba, mke wangu, amenipigia. Amechoka kusikia habari za ng'ombe, anataka kumwona. Akasema angependa kuniona na mimi. Alianza na ng'ombe.

Jioni amefika mama mmoja mzungu, Linda, kutoka Wales. Nilimwita Mwingereza, akanikatiza. Yeye si Mwingereza. Alisema kwa ukali uleule wetu sisi Wambeere tukiitwa Waembu. Nikampenda hapo hapo. Kiswahili amejifunza kwenye simu, kwa hiyo anasalimia kama mtangazaji wa redio. Anatafuta kaburi la babu yake, Evan Pritchard, fundi wa kuchonga mawe, aliyekuja kujenga pande hizi enzi za ukoloni akafia huku. Mama yake Linda, Bi Megan, bado yu hai kwao, miaka tisini na ushee. Alikuwa mchanga baba yake aliposafiri. Anataka tu kujua alilala wapi, kabla na yeye hajalala.

Sasa sikia. Linda ana pikapu! Ameikodi na dereva wake, Roble wa mjini Maua, aliyezoea kukimbiza miraa. Wiki ijayo wanateremka Embu. Na amesema mbele ya watu: atakayemwonyesha kaburi aombe chochote, naye akikiweza atampa.

Mimi naomba pikapu ipitie Ishiara, Mheshimiwa akiwa nyuma.

Na kaburi nalijua. Kila asubuhi namwaga magadi ya ng'ombe juu yake! Liko kwenye kona ya shamba la Muthamia, jiwe bapa lenye maandishi ambayo si Kiswahili wala Kiingereza. Mheshimiwa amelilamba tangu aachishwe kunyonya. Bibi kizee tumwitaye Shosho Kaari, mama yake Muthamia, aliwahi kuniambia ni la Bwana Mawe, mzungu aliyekuwa akipiga nyundo huku akiimba. Kisha akaniambia nisahau. Sijawahi kusahau jambo nililoambiwa nisahau.

Alhamisi, 6 Februari

Mambo yameharibika, na aliyeyaharibu ana tai.

Naftaly, katibu wa kanisa, amejifanya kiongozi wa msafara. Mimi ananiita mtu wa ng'ombe. Jana alimpeleka Linda kwenye vitabu vya kanisa. Hakuna Evan. Leo akampeleka mjini Meru, ofisi hii, ofisi ile, mafaili yenye vumbi mpaka Linda akapiga chafya kwa Kiwelisi. Hakuna Evan. Ndipo yule msomi akampeleka ofisi ya ardhi.

Ofisi ya ardhi! Mzungu, anauliza babu yake, kwenye ofisi ya ardhi!

Nani asiyejua? Huku, kama kwetu Mbeere, kaburi ni hatimiliki. Ukitaka kuthibitisha shamba ni lako unaonyesha walikolala watu wako. Anayeuliza kaburi la babu yake anauliza mpaka. Habari zilitoka ofisini, zikapita Makutano, zikamfikia Muthamia kabla ya pikapu, na Roble huwa haendi polepole.

Alasiri Linda akapita nyumba hadi nyumba. Kila mahali jibu moja: huku mzungu hajawahi kufa. Mwendwa, jirani yetu, akazidisha. Akasema kwao hajawahi kufa mtu yeyote. Jioni nikamwona anayapaka chokaa makaburi ya wazazi wake na kuandika majina upya kwa herufi kubwa, yasomeke kutoka barabarani. Wengine wakafuata. Kufikia giza chokaa ilikuwa imekwisha dukani, na mtaa mzima unang'aa kama harusi.

Muthamia aliniita. Akauliza kama nimewahi kuona jiwe lolote shambani mwake. Nikauliza jiwe gani. Akasema jibu hilo ni zuri. Akaongeza kwamba mdomo wa mtu ukifunguka, kamba ya mtamba inafungwa.

Linda nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya kanisa. Hakulia, lakini alikuwa akiitazama simu bila kuigusa. Mama yake hupiga kila jioni kuuliza wamefika wapi.

Ijumaa, 7 Februari

Nimewaza nikikamua. Maziwa mengine nilikamulia kwenye kiatu.

Nikimwonyesha Linda kaburi, nampoteza Mheshimiwa. Nisipomwonyesha, napoteza pikapu. Kwa hiyo kaburi lionekane, lakini lisionekane shambani mwa Muthamia. Dawa ni moja. Lihame.

Kwani kaburi ni nini kama si jiwe? Mifupa haionekani. Nikiliteremsha jiwe mpaka uwanja wa kanisa, hakuna wa kuogopa. Lile shamba ni la Mungu. Wazungu ndio waliomleta, hawawezi kumfukuza.

Kesho Muthamia anapeleka ndizi soko la Gakoromone. Jumapili, baada ya ibada, nitapita na Linda kando ya ua na kujikwaa kwenye jiwe. Nitashangaa. Nimefanya mazoezi ya kujikwaa na kushangaa nyuma ya zizi. Shosho Kaari alisimama akanitazama kwa muda, akaniuliza kama nina malaria.

Jumamosi, 8 Februari

Jiwe la Wales ni zito kuliko mawe ya kwetu.

Nililing'oa kwa mtaimbo, nikaliviringisha kwenye wilbaro. Kutoka kwa Muthamia mpaka kanisani ni mteremko mtupu. Nilidhani hiyo ni bahati. Hatua chache tu, ikawa wilbaro ndiyo inayonivuta. Tulipita kwa Mwendwa mimi nikipepea nyuma kama nguo kwenye kamba. Alikuwa akipaka chokaa mara ya pili. Alinipungia mkono, na mimi sikuwa na mkono wa bure.

Tulisimama tulipoukuta ua wa kanisa. Tuliuingia kidogo. Nikalisimamisha jiwe kwenye nyasi, nikalipaka udongo lionekane la zamani, halafu nikakumbuka ni la zamani.

Saa kumi na moja jioni nikasikia vigelegele kutoka huko chini. Naftaly ameligundua kaburi!

Amemwambia Linda ni matunda ya utafiti wake. Amewaambia wazee wa kanisa kwamba tangu utotoni alikuwa akikaa juu ya jiwe hilo akikariri katekisimu. Na zawadi yake ameshaiomba. Jumatatu pikapu iende Nkubu kumchukulia makochi.

Makochi! Mheshimiwa wangu amepokonywa nafasi na makochi.

Sikuweza kula. Nilikula baadaye.

Jumapili, 9 Februari

Naandika haya upesi. Kwa kucheka au kwa woga, bado sijaamua.

Asubuhi Mheshimiwa alikataa majani. Alisimama pale kwenye shimo la jiwe akalia kama mjane. Nikammwagia magadi kwenye karai, akalipiga teke karai. Nikamfunga kwa kamba mbili, nikaenda kanisani.

Baada ya ibada tulilizunguka jiwe wote. Kwaya ilikuwa imejipanga. Linda alikuwa ameliosha na kuliwekea maua, akashika simu juu, na ndani ya simu alikuwa Bi Megan mwenyewe, ajuza mdogo mwenye kofia ya kanisani, amekaa wima kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Naftaly akatoa hotuba. Akaeleza jinsi utoto wake wote ulivyopita juu ya jiwe hili. Muthamia hakuwepo. Alikuwa amesema makaburi ya wageni hayamhusu.

Ndipo ua ulipovunjika tena, mahali palepale.

Mheshimiwa aliingia akiburuta kamba zote mbili na kigingi kimoja. Hakutazama mtu. Alipita katikati ya soprano na alto, akala maua, akaliinamia jiwe akalilamba. Alilamba akiwa amefumba macho. Naftaly alimvuta mkia, akasogezwa kando kwa mguu mmoja, bila hasira. Na nyuma ya Mheshimiwa, akihema, akaja Muthamia, aliyekuwa akimfukuza tangu nyumbani. Akamwona ng'ombe. Akaliona jiwe la magadi yake. Kisha akaniona mimi.

Nilitazama juu mbinguni. Huko nako hakukuwa na msaada.

  Ndani ya simu Bi Megan alikuwa akiuliza kitu, na Linda alikuwa akitutazama mmoja baada ya mwingine bila kuelewa. Shosho Kaari akainuka kwenye kiti chake cha plastiki, akaja na fimbo yake mpaka mbele ya Linda. Alisema kwa Kimeru, akamwamuru mwanawe afasiri bila kupunguza.

"Uliza huyu mtoto kama amekuja kuchukua shamba."

Muthamia akafasiri akitazama chini.  Linda akaelewa kila kitu kwa pamoja: milango iliyofungwa, chokaa, yote. Akasema polepole, kwa Kiswahili chake cha redio:

"Hapana, Shosho. Mama yangu anauliza tu kama baba yake yuko peke yake."

Shosho Kaari akaichukua ile simu. Hajawahi kushika simu ya aina ile, aliishika kama kioo. Wakatazamana, vikongwe wawili, kila mmoja akikagua mikunjo ya mwenzake. Akamwambia kwamba enzi hizo yeye Shosho alikuwa kitoto, na kwamba Bwana Mawe aliimba vizuri na kunywa uji vibaya. Akaendelea, Muthamia akimfasiria Linda na Linda akimfasiria mama yake:

"Mwambie hajalala peke yake hata usiku mmoja. Ng'ombe wetu wanalala naye. Kama huamini, tazama ulimi wa huyu."

Akaigeuza simu kwa Mheshimiwa, aliyeilamba pia.

Bi Megan alicheka mpaka kofia ikateleza. Alipomaliza kucheka alikuwa analia, na alipomaliza kulia alikuwa bado anacheka. Kwaya ikaanza kuimba bila kuambiwa.

Hukumu ilitolewa na Shosho hapo hapo. Aliyeliteremsha jiwe alipandishe. Na aliyekaa juu yake tangu utotoni amsaidie, maana amelizoea.

Jumatatu, 10 Februari

Mlima ule ni mlima.

Mimi nilivuta, Naftaly alisukuma, tai ikiwa mfukoni. Mwendwa alitupungia mkono akiwa na brashi. Naftaly alisema hatanisamehe. Nikamwambia asukume akinichukia, jiwe halitajua.

Tulipolilaza tena shimoni, Linda alilisoma lote, maana kanisani sehemu ya chini ilikuwa imezama kwenye udongo na aliona jina la Evan tu. Ni Kiwelisi. Linasema hapa yupo Evan, fundi wa mawe, na aliyemzika ni ndugu yake Huw, aliyebaki na nyundo. Linda hakuwa amejua kama Huw naye alikuja Kenya. Akakaa chini kwenye majani.

Baadaye akamwomba Muthamia jambo moja tu. Jiwe libaki na magadi yaendelee. Mama yake amesisitiza magadi. Muthamia alifurahi hata akachinja mbuzi, na mbele ya majirani wote akaonyesha kaburi la mzungu lililo shambani mwake kana kwamba amelizaa. Mwendwa ameanza kukumbuka kwamba hata kwao huenda alikufa mzungu.

Nikangoja nifukuzwe. Muthamia akanikabidhi kamba. Akasema nimwondoe Mheshimiwa kabla hajatoa siri nyingine za nyumba hii.

Na pikapu? Naftaly alikumbusha habari ya makochi. Linda akasema ahadi ni ahadi, na aliyemwonyesha kaburi ni Mheshimiwa. Kwa hiyo gari ni la Mheshimiwa.

Nimempigia Rwamba. Kesho! Alipiga kigelegele. Akauliza kama ng'ombe ni mnene.

Jumanne, 11 Februari. Embu.

Ndiyo, Embu. Nieleze.

Tuliondoka vizuri. Roble alimfunga Mheshimiwa na kumfunika magunia kama bunda la miraa, nikamwomba asimkimbize kama bunda la miraa. Tulipita Nkubu, tukapita Chuka. Nilikuwa naona tayari vumbi la kwetu. Kwenye viti vya mbele, Linda alikuwa anamweleza Roble habari za Huw. Jana usiku alimpigia mama yake, naye akakumbuka nyumbani kwao kulikuwa na barua yenye muhuri wa posta wa Embu. Labda Huw alifia Embu. Labda ana jiwe. Akasema kwa unyonge kwamba safari hii hakuna ng'ombe wa kumsaidia.

Nikasikia sauti inasema jiwe la Huw inalijua vizuri sana.

Ilikuwa yangu.

Njia panda ya Ishiara ilipita upande wa dirisha langu. Niliipungia.

Sasa Mheshimiwa amefungwa nyuma ya lojingi tunakolala, anakula ua wa mwenyewe. Linda amenishika mkono mara mbili akisema asante. Na mimi nimeshazunguka mji. Nyuma ya kinu kimoja cha posho nimeona jiwe bapa zuri, tulivu, halina mwenyewe. Limekosa maandishi tu. Nimenunua patasi. Jina nimelinakili kwenye mkono: Huw. Herufi tatu! Ndugu yake fundi angeniua.

Magadi sitaweka. Ndilo kosa nililofanya Meru.

Rwamba, nitegemee Alhamisi. Jiwe likiwa gumu, Jumamosi.