Shimo Lisilovuja

Alhamisi, 3 Agosti 2023

Nimetukanwa! Kwa adabu, juu ya sahani ya mboga ya sombe, nyumbani kwa dada yangu mwenyewe.

Wakwe walipanda kutoka Beni kupanga siku ya mahari ya Joyeuse, binti wa dada yangu huyo, Vagheni. Kijana mwenyewe, Delphin, sina neno naye. Shida ni baba yake. Papa Syauswa wa mtaa wa Beu, muuza paneli za jua. Alituhutubia juu ya teknolojia tangu sombe mpaka chai. Eti Ulaya sasa wanaikamata gesi ya kaboni kwenye mabomba ya viwanda, wanaizika chini ya ardhi, isipande tena kuchemsha dunia. Nikasema najua, nimefundisha kemia mpaka chaki ikaingia kwenye damu. Akajibu kwamba kujua na kufanya ni vitu viwili, na kwamba sisi wa Butembo ni wachuuzi tu, tunachofanya ni kupandisha bei ya chumvi.

Watu wakacheka. Hata Marie-Jeanne, mke wangu. Nilimwona.

Mahari ni Jumamosi tarehe 19. Vizuri sana. Siku hiyo Papa Syauswa atakuta kaboni imezikwa Butembo. Nyuma ya jiko langu.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimeamka mapema, nimefikiri, nimechora.

Jambo lenyewe si gumu likielezwa polepole. Moshi hukamatwa kabla haujatoroka. Wenye viwanda huupitisha kwenye dawa inayoshika kaboni na kuacha hewa nyingine iende zake. Kisha gesi hugandamizwa mpaka inakuwa nzito karibu kama maji, husukumwa kwa bomba, huteremshwa chini zaidi ya mita mia nane, ndani ya mawe yenye vitundu vidogo. Juu yake sharti uwepo mwamba usiopitisha kitu. Mwamba huo ndio kizibo. Bila kizibo, hujazika kitu; umekificha tu kwa muda.

Mimi nina lile shimo la kisima cha mvua nililoanza kuchimba na kuliacha. Mita tatu na kidogo. Dawa sina, nina ndoo ya maji. Kizibo: udongo wa mfinyanzi, juu yake bâche ya turubai, juu ya bâche mlango wa zamani wa choo. Moshi wa jiko letu unatosha kuanzia.

Marie-Jeanne akauliza: moshi ukiingia shimoni, hewa iliyokuwamo inakwenda wapi?

Nikarudi kwenye mchoro. Swali la mtu ambaye hakusoma kemia.

Jumatatu, 7 Agosti

Mabomba ya bati yameungwa. Yanatoka juu ya jiko, yanapita kwenye ndoo, yanaingia shimoni. Mazuri kutazama. Ila moshi hautaki kushuka. Moshi ni moto, na kitu cha moto hupenda kupanda. Ndivyo ilivyo kwa hewa na kwa wanasiasa. Lazima usukumwe.

Nikaenda kwa Christa, jirani mwenye salon, kuazima séchoir. Nilimwambia ni kwa ajili ya sayansi. Akadhani nataka kukausha nywele zangu, akacheka sana, kwa sababu sina. Akanipa.

Séchoir ilivuta moshi vizuri kabisa. Kisha ikakohoa. Kisha ikatoa moshi wake yenyewe, wa plastiki, na mdomo wake ukainama kama ndizi.

Christa alikuja mwenyewe, na nyuma yake mteja mwenye nywele zilizolowa upande mmoja. Alisema mbele ya kiwanja chote kwamba ningekuwa mwanafunzi wake angenifukuza, na wazazi wangu angewaita. Nimemwahidi nyingine. Marie-Jeanne alisema neno moja tu: "Teknolojia." Akarudi kuchambua maharagwe.

Jumanne, 8 Agosti

Mambo yamenyooka! Nimeazima mivukuto ya mhunzi. Viriba viwili vya ngozi ya mbuzi, unasukuma kushoto, unasukuma kulia, moshi unakwenda chini bila kubisha. Babu zetu waliyeyusha chuma kwa kifaa hiki. Sasa kinazika kaboni. Nimepata sentensi nzuri ya kumwambia Papa Syauswa.

Upande wa pili wa ua wa matete unaotutenga, Vagheni naye anazika. Ndizi za kasiksi ya mahari, pombe yetu ya ndizi. Mama wa bibi harusi ndiye hutengeneza kasiksi kwa mikono yake, na kikombe cha kwanza humpa baba mkwe. Akishindwa, binti anaingia kwa wakwe akisindikizwa na kreti za bia ya chupa, na hilo litasemwa Beni mpaka Joyeuse awe bibi kizee.

Vagheni hutandika majani ya migomba shimoni, hupanga ndizi mbichi, hufunika kwa majani na udongo. Wengine huwasha moto pembeni, moshi uingie, ndizi ziive haraka. Yeye hapana. Anaziacha ziive zenyewe, polepole, katika baridi yetu hii ya Butembo. Utamu wake unatoka hapo. Nikamweleza kwamba ule moshi hufanya kazi kwa sababu ya etileni, gesi ndogo ambayo tunda likiinusa linaanza kuiva. Akasema ahsante, lakini "moto ni ya batu ya haraka, yaya." Kisha akauliza kama shimo langu linakula moshi ao linakula akili.

Dada mdogo, na mimi ndimi yaya, kaka yake mkubwa. Nimemsamehe.

Alhamisi, 10 Agosti

Hifadhi ya kweli hulindwa. Wenzetu huteremsha vyombo vya kusikiliza ardhi, hupima udongo, hupima maji, wajue kama gesi inatoroka. Mimi nimezungusha chupa za maji ya chokaa. Maji ya chokaa ni shahidi asiyehongwa: yakikutana na kaboni, yanakuwa meupe kama maziwa.

Asubuhi yalikuwa safi. Mchana, chupa zote za upande wa ua wa Vagheni zilikuwa maziwa matupu. Za upande mwingine, safi.

Nimechunguza sababu kwa utulivu. Ni kuku wa Vagheni. Wanapenda kusimama hapo, na kuku anapumua. Nimebadilisha maji na kuwafukuza kuku.

Saa kumi: maziwa tena. Kuku wakaidi sana wale!

Jumamosi, 12 Agosti

Balaa. Papa Syauswa amepiga simu. Delphin ameitwa kazini Kisangani, ndege yake inaondoka uwanja wa Mavivi Ijumaa. Donc, basi, mahari si tarehe 19 tena. Ni Jumatano hii!

Vagheni aliketi juu ya kinu akalia. Ili kasiksi iwe tayari Jumatano, lazima ndizi zikamuliwe Jumatatu, na ndizi ziliingia shimoni Jumanne tu. Bado mawe. Kamua ndizi mbichi, utapata utomvu. Joyeuse alimkumbatia mama yake, akasema mama, tutanunua bia, haina neno. Lakini uso wake ulisema neno hilo lote.

Nilijaribu kumtuliza dada yangu kwa kumweleza jinsi wanga unavyogeuka sukari. Akaniomba niende kwangu.

Nikaenda. Nilikuwa na uchungu, na mtu mwenye uchungu anahitaji kazi ya mikono. Nikaongeza kuni jikoni, nikasukuma mivukuto mpaka jioni. Kushoto kwa ajili ya Vagheni, kulia kwa ajili ya Joyeuse. Sijawahi kuzika kaboni nyingi namna hii.

Jumapili, 13 Agosti

Baada ya misa Vagheni akafungua shimo lake, ili tu aone hasara kwa macho. Nikasikia kelele nikaruka ua. Kwa umri wangu!

Ndizi zilikuwa za manjano. Zote. Laini, zinanata, harufu tamu, na nyuma ya utamu, kwa mbali, harufu ya kuni.

Vagheni akanusa ndizi. Akautazama ua wa matete. Akautazama mlango wangu wa choo. Akanirukia shingoni. "Yaya! Moshi yako njo imeziivisha! Ilipita chini ya udongo, ikakuya kwangu!"

Joyeuse akapiga magoti, akanishika mikono, akasema mjomba umeniokoa. Marie-Jeanne naye akanipigia makofi. Marie-Jeanne!

Nilifurahi muda wa pumzi moja. Kisha nikauona mtego. Kama ni moshi wangu ulioivisha ndizi, basi shimo langu linavuja. Na Jumatano Papa Syauswa anakuja kuona shimo.

Nikasema hapana. Moshi wangu uko palepale nilipouweka. Ndizi zimeiva kwa maombi ya misa. Vagheni akasema kwenye misa hakuombea ndizi, alimwombea Joyeuse. Nikamwambia Mungu anajua kuunganisha mambo.

Jumatano, 16 Agosti

Mahari imekwisha. Mbuzi wamepokewa, Joyeuse amecheka siku nzima, kasiksi ilikuwa tayari. Naandika nikiwa nimekunywa kidogo.

Vagheni alipiga goti, akampa Papa Syauswa kikombe cha kwanza. Akanywa. Akakizungusha kikombe. Joyeuse aliikunja leso yake mpaka ikawa kamba. Kisha mzee akapangusa mdomo akasema amekunywa kasiksi tangu Kayna mpaka Mavivi, na hii yenye moshi ndani hajaikuta popote. Akaomba ya pili. Vigelegele! Joyeuse akaiachilia leso.

Ndipo dada yangu akasimama, akasema mbele ya koo mbili kwamba shukrani si zake, ni za yaya wake Mwalimu, ambaye shimo lake lilivuja likaokoa mahari.

Lilivuja! Alilisema hilo neno huku akitabasamu.

Papa Syauswa akaomba kuliona. Akapapasa udongo kando ya mlango, akanusa vidole, akainama kwenye ua, akanusa tena. Kisha akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Papa Mwalimu, iko inavuja! Inavuja muzuri sana!" Akanishika bega, kwa upendo kabisa, nakiri. Akasema Alhamisi ile alikosea, watu wa Butembo wanafanya, na angependa koo zote zinywe kwa heshima ya Daktari wa Ndizi. Vikombe vilikuwa tayari juu.

Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Marie-Jeanne alikuwa akinivuta koti.

Nikasimama, nikasema samahani, hakuna kilichovuja. Nikaeleza kizibo. Nikaeleza mgandamizo, na mawe yenye vitundu, na mita mia nane. Nikaeleza habari ya kuku. Vikombe vilishuka kimoja kimoja. Nilipofika kwenye maji ya chokaa, mbuzi mmoja wa mahari alikuwa anatafuna mchoro wangu, na watu walikuwa wamekwenda kucheza. Alibaki Papa Syauswa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia polepole kwamba mkwe ni mkwe, akanijazia kikombe.

Hakupinga hoja hata moja. Ushindi.

Jumatatu, 21 Agosti

Tangu Alhamisi wamekuja akina mama watatu wa mtaa huu. Wanataka kuzika ndizi zao kando ya ua wangu. Mmoja alileta hata kuku kama zawadi. Nimewafukuza wote kwa heshima. Hii ni hifadhi ya kaboni, si jiko la ndizi! Kuku nimemrudisha pia. Huyo naye angepumua.

Hata hivyo mtu wa sayansi hukubali kujirekebisha. Nimekubali kwamba mahali palikuwa pabaya. Karibu mno na kuku.

Leo nimeanza shimo la pili, upande mwingine kabisa wa nyumba, mbali na ndizi na mbali na maneno ya Vagheni. Udongo mkavu, mzuri, hakuna anayepita. Jirani pekee ni depo ya Marie-Jeanne, ghala lake dogo, ambapo amefukia avoka zake, yaani parachichi, kwenye majani makavu. Mbichi, ngumu kama mawe ya mto. Anangoja bei ipande Beni mwezi ujao, na ameniapisha nisiziguse.

Sitazigusa. Nimesukuma mivukuto tangu asubuhi na sijakaribia hata moja.

Chupa za chokaa upande wa depo zimekuwa maziwa. Namtafuta kuku.