Kichwa cha Treni cha Mtoto wa Gavana

Jumatatu, 4 Julai 1994
Mgongo umekufa. Saruji tangu alfajiri, na bosi anasema bado lori moja. Lakini tiketi ninayo! Daraja la tatu, Dar hadi Tabora, Jumapili hii. Miaka mitatu sijamwona mke wangu Eufrazia. Nimeshamwandikia anipokee stesheni.

Jioni nikapita mnadani kwa Mzee Kondo, hapa Temeke. Mzaramo, dalali, mtani wangu. Nikamwamkia shikamoo. Akajibu kuwa Mnyamwezi akitua mzigo, dunia huinama upande mmoja. Nikamwambia Mzaramo huuza mnazi huku bado amelala kivulini mwake.

Mtu wa ajabu yule! Huuza makorokoro ya Ulaya, na sasa amepata treni za kuchezea. Mabwana wanaozikusanya wanatoka hata Kinondoni kuja kuzigombea. Sifa zake huziandika ubaoni kwa chaki. Treni isiyo na magurudumu: "Imetulia, haisumbui nyumbani." Behewa lililoungua: "Rangi ya asili ya moshi." Bei kama ya baiskeli. Na wananunua! Nilisimama mbele ya ubao ule kama niko kanisani.

Jumanne, 5 Julai
Nimepata wazo. Kuna kichwa cha treni cha bati, kimebonyea, bomba la moshi hakina. Kondo alikiandikia "Kidogo, kizuri." Hafifu! Nikamwambia aandike kilikuwa cha mtoto wa gavana wa Kijerumani, na bomba lilikatwa na risasi ya vita. Kondo akaufuta ubao. Kisha akauliza nani kawadanganya watu kuwa Wanyamwezi wanajua kubeba tu. Sifa kubwa! Mie wa darasa la nne!

Mpango ndio huu. Siku ya Saba Saba, uwanja ukijaa, nijifanye mnunuzi. Nimpandishie bei Bwana Twalib, mhasibu mstaafu mwenye chumba kizima cha treni ndogo. Kondo akivua kofia, ninyamaze. Twalib anunue. Mie nipate changu, nimnunulie Eufrazia khanga.

Alhamisi, 7 Julai
Watu kama siafu! Kondo akapanda juu ya pipa, akakisimulia kichwa kile. Mtoto wa gavana anacheza barazani. Risasi! Mtoto mzima, bomba halipo. Mama analia kwa Kijerumani. Hilo la mama alilitunga palepale. Mengine ni maneno yangu, lakini kinywani mwake yalipata roho. Machozi yakanitoka.

Twalib akataja bei. Nikapandisha. Naye akapandisha. Nami tena. Kondo akavua kofia. Niliiona. Akajipepea nayo. Niliiona! Lakini moyo ukasema, huyu mhasibu ataondokaje na mali ya gavana? Nikapandisha.

Twalib akavaa miwani, akakitazama kile kichwa, akanitazama mie. Akasema, "Hongera, kijana," akaenda zake.

Moja. Mbili. Tatu. Changu!

Watu wakanizunguka waone nikilipa. Nikifichua njama, Kondo anaumbuka na mie napigwa. Mfukoni sina kitu ila tiketi; nikaitoa. Kondo akaipokea, akaiinua juu, akatangaza kuwa Mnyamwezi ametoa treni kubwa akachukua ndogo, maana hii ataiweza kichwani. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata mie. Dalali gani huyu!

Ijumaa, 8 Julai
Filomena, mama ntilie wetu, amekitazama akasema ni kopo la dagaa lenye magurudumu. Hajui vitu.

Ila sahani nimemrudishia imejaa. Eufrazia atasimama stesheni, atatazama kila behewa mpaka la mwisho. Barua haiwezi tena kumwahi.

Jumapili, 10 Julai
Kondo amekuja chumbani kwangu asubuhi, kwa miguu. Hakutania hata neno moja. Akaiweka tiketi mezani. Akasema utani una mpaka wake, mke wa mtu hasubirishwi stesheni. Nimpe lile bati, nifunge mzigo, treni ni jioni.

Nikanyoosha mkono. Kisha nikaurudisha. Ngoja kwanza! Kondo, dalali mkuu wa Temeke, atembee jua lote hili kwa ajili ya bati? Atoe tiketi nzima? Kumbe kichwa hiki kina thamani kweli! Nikamtazama machoni. Huruma tupu. Ufundi ulioje! Nusura nimwamini.

Nikamwambia, "Mtani, hapa umegonga mwamba." Akanisihi. Akaapa. Kila alivyoapa, nami moyoni nikapandisha bei. Mwishowe akasema basi, nikae na bati langu, na tiketi nichukue bure, niende tu kwa mke wangu. Akatoka akitikisa kichwa.

Bure! Kondo! Chambo hicho. Nikipanda treni na kichwa hiki, watu wake wananipora behewani; nikikiacha, yeye anavunja mlango.

Jioni sasa. Treni imekwisha kuondoka. Tiketi iko palepale mezani, sijaigusa hata kwa kidole. Hanipati ng'o!