Wifi, Mwanangu na Mwenye Meno ya Dhahabu

Jumatatu, 4 Machi
Wifi ana siri. Mwanangu akiwa kwangu halali mchana, nimbembeleze mpaka sauti inikauke. Akiingia chumbani kwa wifi, kimya. Mlango umefungwa. Huyu mdogo wa mume wangu hata chai huisahau jikoni ikakauka. Leo amekuwa bingwa wa kulaza watoto? Na wiki ijayo narudi kwenye cherehani, mtoto abaki naye! Nimenusa chupa ya dawa ya kikohozi. Nimemnusa mtoto. Ananukia maziwa tu. Inatia shaka zaidi.

Jumanne, 5 Machi
Nimetega sikio mlangoni. Ndani, mwanamume anafoka! Nikaingia kwa kishindo. Hakuna mwanamume. Ni spika ya wifi, inamwaga rapu ya magenge, na mwanangu kalala mdomo wazi. Wifi akasema eti mtoto anapenda besi. Hata meno hajamaliza kuota, besi ataijulia wapi? Nimeichukua spika. Mume wangu kasema nina wivu. Sina. Nitazisikiliza albamu zake zote tatu mwenyewe, Jumapili nitoe ushahidi kwenye kikao cha nyumbani.

Jumatano, 6 Machi
Maneno mengi siyaelewi, ila matusi hayahitaji mkalimani. Albamu ya kwanza, ya yule aliyeegemea gari jeusi kwenye jalada: anatishia mtaa mzima, halafu katikati anamlilia mama yake. Huyo si wa kuogopwa, ni wa kuogeshwa na kulazwa. Ya pili: ving'ora, risasi, vioo. Mtu anayejiamini hapigi kelele hivyo. Ya tatu, ya mwenye meno ya dhahabu: anaongea taratibu, kama daktari anayekuambia haitauma. Huyu namshuku kuliko wote. Nimeirudia. Kwa uchunguzi tu.

Alhamisi, 7 Machi
Mtoto hajalala. Mimi pia. Wifi kaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Upole ule! Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Machi
Nilikuwa nachunguza tena ya tatu, mtoto begani. Wimbo wa kwanza haujaisha, kalala. Begani kwangu! Shavu lake la moto shingoni, mate yakitiririka mgongoni. Sikusogea mpaka mguu ukafa ganzi. Wifi nikamwambia nimemwimbia bembelezi.

Akasema, "Hiyo bembelezi ina besi, wifi. Hata ukuta wangu ulikuwa unaitikia."

Jumapili, 10 Machi
Kikao sebuleni. Nikaeleza: wa kwanza mnafiki, wa pili mwoga. Mume wangu akauliza, na wa tatu? Nikakohoa. Mtoto akaanza kulia. Nikasimama kumbembeleza, na mkono wangu, bila kuniuliza, ukawasha spika. Mtoto akatulia. Mimi nikatikisa kichwa kwa kufuata mdundo. Wote wameona.

Wifi hakucheka. Akasema, "Akiwa kwako analala kwa raha, wifi. Niachie spika tu, nawe nenda kazini."

Nimempa. Nimemwomba radhi. Tumeyamaliza.

Jumatatu, 11 Machi
Kazini. Mchana nimepiga simu. Wifi kasema kwa kunong'ona kwamba mtoto kalala zamani. Nikasikiliza nyuma ya sauti yake. Hakuna besi. Hakuna meno ya dhahabu. Kimya kabisa.

Sasa kamlaza na nini?

Wifi ana siri. Kesho narudi mapema, viatu mkononi.